Feiza iliyohamia mguuni

Wiki ya kwanza ya Machi alikuja kibandani kwangu Magomeni mpiga solo wa bendi moja ya dansi. Ni mzee wa kuamkiwa, gitaa kaanza kulishika kabla mimi sijazaliwa. Baada ya shikamoo na marahaba akafungua kikapu, akaweka mezani vitu viwili: feiza ndogo ya rangi ya chungwa yenye kitufe kimoja tu cha kuzungusha, kifaa kinachoifanya sauti ya gitaa ipande na kushuka kama wimbi, na pedali ya wawa, ile ya kubadilisha sauti kwa kukanyaga, ambayo saketi yake ya ndani ilishakufa siku nyingi.

"Fundi," akasema, "hii feiza inanipeleka inakotaka yenyewe. Nataka niipeleke mimi, kwa mguu. Hilo bati la wawa bado ni zima, litumie."

Nikamwomba anipigie kwanza, nisikie. Anayejua muziki wa dansi anajua wimbo unavyokwenda: unaanza taratibu, mwimbaji anaeleza habari yake, halafu chemko linaingia na solo ndiyo inayobeba kila kitu. Kwenye chemko mpigaji anarudia kijisentensi kifupi, mara nne, mara nane, na kila akikirudia kuna noti moja anayotaka itoke mbele ya nyingine. Feiza haijui hilo. Inapanda na kushuka kwa mwendo uliowekwa kwenye kitufe, na mpiga dramu akichangamka kidogo tu, feiza na ngoma zinaachana. Mzee alipiga kijisentensi chake mara nane mbele yangu. Mara tatu noti aliyoitaka ilitoka inang'aa, mara tano ilizama. Mkono wake haukuwa na kosa.

Nieleze kwanza kinachozamisha noti, kwa sababu kisa chote kinasimama hapo. Mchoro wa feiza hii unafuata MXR Phase 90, iliyotoka Marekani mwaka 1974 na kunakiliwa na watengenezaji wengi tangu wakati huo. Sauti ya gitaa inagawanywa mara mbili. Sehemu moja inapita moja kwa moja. Nyingine inapitishwa kwenye hatua nne zinazoichelewesha kidogo kidogo, kisha zote mbili zinakutana tena. Mahali ambapo zinapingana, sauti inafutika, na panatokea bonde. Hatua nne zinaleta mabonde mawili, na kati ya mabonde hayo kuna kilima ambapo sauti mbili zinasaidiana.

Kila hatua ina kapasita ya nanofaradi 47, rezista ya kiloomu 24, na transista ya aina ya feti inayolala sambamba na hiyo rezista. Transista ikifungwa kabisa, rezista inabaki peke yake. Kilima kinakaa kwenye hezi 141, bonde la chini hezi 58, la juu hezi 340. Transista ikifunguka mpaka ukinzani wa pamoja ushuke kufikia kiloomu 2, kilima kinapanda hadi hezi 1,690 hivi, na mabonde yanahamia hezi 700 na hezi 4,090. Umbali kati ya mabonde haubadiliki: la juu daima ni mara 5.8 ya la chini. Sasa linganisha na gitaa. Waya wa kwanza ukipigwa wazi ni hezi 330. Ukibanwa kwenye freti ya 12 ni hezi 659. Ina maana solo yote ya mzee inaishi katika njia ileile ambayo mabonde hayo yanapita yakienda na kurudi, na bonde likikaa juu ya noti, hiyo noti imekwenda. Anayeweza kukisimamisha kilima juu ya noti anayoitaka, na kukiacha hapo kwa muda anaoutaka, ni mtu anayesikia wimbo.

Jambo lenyewe si geni. Kabla ya pedali hizi, studio zilikuwa zinapata sauti ya jamii hii kwa kuendesha mashine mbili za tepu pamoja, na fundi akigusa ukingo wa gurudumu la tepu kwa kidole ili moja ichelewe. Mkono wa mtu ulitangulia osileta, yaani saketi ya ndani inayohamisha mabonde yenyewe. Electro-Harmonix nao, kwenye flanja yao, ndugu wa feiza, ya Electric Mistress ya mwaka 1976, waliweka swichi inayoisimamisha osileta ili kitufe kiwe ndicho kinachohamisha mabonde. Mzee alikuwa anadai kitu chenye asili yake, nami nikamwambia hivyo.

Kinachofungua na kufunga transista ni volti kwenye geti lake, yaani mguu wake wa kuiamrisha. Mageti yote manne yameungwa kwenye mstari mmoja. Mstari huo unalishwa kutoka pande mbili: kupitia rezista ya megaomu 1 kutoka kwenye voliyumu (rezista ya kuzungusha) ndogo ya ndani, ile inayorekebishwa kwa bisibisi kuweka mahali pa kuanzia, na kupitia rezista ya megaomu 3.9 kutoka kwenye osileta. Kazi niliyoombwa, kwa maneno, ni nyepesi: ondoa osileta, weka voliyumu ya mguuni, na swichi ya kuchagua kati ya hizo mbili. Swali ni unakata wapi.

Nilikata mahali pasipofaa. Niliona mstari wa mageti ndiyo mwisho wa safari, nikafikiri nikiushika huo nimeshika kila kitu. Nikatoboa njia, nikachomea waya moja kwa moja kwenye mstari wa mageti, nikautoa nje kwenye swichi, na kutoka hapo waya wa mita tatu kwenda kwenye bati la wawa.

Matokeo yalikuja palepale. Kwanza, voliyumu ya ndani haikufanya kazi tena. Voliyumu ya wawa ni ya kiloomu 100; mbele yake rezista ya megaomu 1 haina nguvu ya kusema lolote, kwa hiyo mguu ulikuwa unavuta mageti kutoka sifuri hadi volti 9 nzima, wakati transista zinahitaji kipande kidogo sana cha hapo katikati. Pedali ilikuwa kimya karibu njia yote, kisha sauti ikaruka yote kwa mara moja kama mlango uliopigwa teke. Pili, swichi ilipokuwa katikati ya kugeuka, mstari ulibaki unaelea, na ule waya wa mita tatu ukageuka antena. Umeme wa nyumba wa hezi 50 uliingia kwenye mageti, na gitaa likasikika linagugumia kama mtu anayesukutua maji. Nikisogeza kiganja karibu na waya, sauti inabadilika.

Niliondoa waya huo usiku uleule. Nilivyouondoa ndivyo vilivyokuja kunisumbua baadaye, nitafika huko.

Mahali pa kukata ni upande wa pili wa rezista ya megaomu 3.9, kule inakoshikana na osileta. Ukiinua mguu ule mmoja wa rezista na kuupeleka kwenye swichi, mstari wa mageti unabaki kama ulivyotengenezwa, mfupi, ndani ya bati, haujaguswa. Voliyumu ya ndani inaendelea na kazi yake. Rezista kubwa inaendelea kupunguza: kati ya megaomu 3.9 na megaomu 1, kinachofika kwenye mageti ni kama sehemu moja ya tano tu ya kinachotoka kwenye swichi. Osileta yenyewe nilipoipima ilikuwa inapanda na kushuka kati ya volti 3 na volti 6.5. Hiyo 3.5 ikigawanywa, mageti yanapata tofauti ya volti 0.7 tu. Volti 0.7 ndiyo mchezo mzima wa feiza. Iweke akilini.

Kwa hiyo mguu ulitakiwa kutoa kati ya volti 3 na 6.5, si sifuri na 9. Ukimwachia mtu volti 9 zote, zaidi ya nusu ya mwendo wa pedali inakuwa haina kazi. Dawa ni kuweka rezista moja kila mwisho wa voliyumu. Nikapiga hesabu: kiloomu 82 chini, voliyumu ya 100 katikati, kiloomu 68 juu, jumla 250, na kwenye karatasi kila kitu kikakaa sawa. Mzee alipokanyaga akasema, "Mwanangu, inafika katikati inaishiwa pumzi. Juu hapafikiki."

Alikuwa sahihi, na karatasi yangu haikuwa sahihi. Nilichukulia kwamba bati la wawa linazungusha voliyumu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Halifanyi hivyo. Kile kipande chenye meno kinachosukuma gia ni kifupi, na voliyumu inazunguka sehemu tu ya safari yake. Nilipoweka mita, kisigino kikiwa chini ilisoma kiloomu 4, na vidole vikiwa chini ilisoma kiloomu 72. Zile 28 za juu mguu haukuwa unazifikia kamwe, na volti ilikuwa inakomea 5.5. Nikarudia hesabu kwa kiloomu 68 zinazotumika kweli: chini 56, juu 18. Kisigino sasa kinatoa volti 3.1 na vidole volti 6.6. Anayetaka kufanya kazi hii apime bati lake kwanza kabla hajanunua rezista, maana mabati hayafanani.

Kulikuwa pia na mkwaruzo. Voliyumu ya wawa ikizeeka inakwaruza, na kwenye feiza mkwaruzo huo unasikika kama mchanga. Nikaweka kapasita kati ya mguu wa katikati wa voliyumu na ardhi. Ya kwanza niliyoishika mezani ilikuwa ya maikrofaradi 10, ikawa nzito mno: mguu unafika, sauti inafuata karibu nusu sekunde baadaye. Kwenye chemko nusu sekunde ni maisha mengine. Nikashuka hadi maikrofaradi 0.1, kuchelewa kukawa milisekunde chache zisizosikika, mkwaruzo ukapungua, na mabaki ya hezi 50 kutoka kwenye ule waya mrefu yakapungua nayo.

Mzee akajaribu kwa saa nzima. Kwa faida ya wasomaji wanaopiga gitaa nieleze alichofanya, kwa sababu kilinifundisha zaidi ya saketi. Hakuwa anakanyaga juu-chini kwa mdundo kama wanavyofanya vijana kwenye wawa. Kwenye ubeti alipumzisha kisigino chini, sauti ikawa nene na nyuma kidogo, ikimwachia mwimbaji nafasi. Alipoingia chemko akapandisha taratibu, raundi nne nzima kwa mwendo mmoja, kisha kwenye noti ya mwisho akasimama. Kilima kikakaa pale pale juu ya noti, inang'aa, mpaka yeye mwenyewe alipoamua kuishusha. Akanitazama, akasema tu, "Ehee."

Ijumaa bendi ilikuwa na kazi Kigamboni, ukumbi wa wazi, karibu na bahari. Saa nne usiku simu ikaita. "Fundi, sauti imezama. Nakanyaga mpaka mwisho, haipandi." Nyuma yake nilisikia jenereta, na wazo langu la kwanza likaenda huko. Nikamwomba abadilishe swichi arudi kwenye osileta. Akabadilisha. "Hata huku imezama. Inazunguka huko huko chini."

Jibu hilo lilifuta nusu ya washukiwa kwa mkupuo. Swichi ikiwa upande wa osileta, voliyumu, kapasita yake, waya wa mita tatu na bati lote la wawa vimetengwa. Kama kosa lingekuwa huko, osileta ingesikika nzima. Kosa lilikuwa mahali ambapo njia zote mbili zinapita: rezista ya megaomu 3.9, mstari wa mageti, voliyumu ya ndani, transista, au umeme wa kuendeshea. Nikamwambia aweke betri mpya badala ya adapta. Akaweka. Hakukuwa na nafuu. Alimalizia usiku bila feiza, na nilijisikia vibaya kweli, kwa sababu alikuwa ameniamini mbele ya wenzake.

Jumamosi saa sita mchana, jua kali, nikaifungua mezani. Ilikuwa nzima. Mguu unapanda, osileta inazunguka, kila kitu kama siku ya kwanza. Kosa linalojificha fundi akifika linachosha kuliko lililo wazi.

Nikaamua kupima volti ya mageti huku mzee akipiga. Nilikuwa na mita mbili, ile ndogo ya njano ya bei nafuu na nyingine nzuri zaidi ninayoitunza. Nikagusa mstari wa mageti kwa ile nzuri, na sauti ikazama. Nikaondoa, ikapanda. Nikagusa tena, ikazama. Mzee akanyanyua kichwa: "Hiyo! Ndiyo ya jana."

Mita nzuri ina ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Mstari wa mageti, ukiangalia rezista zake mbili kwa pamoja, una ukinzani wa megaomu 0.8. Kuunga megaomu 10 kutoka hapo kwenda ardhini kunashusha volti kwa asilimia 7 hivi. Mageti yalikuwa yamekaa kwenye volti 3.6, kwa hiyo yanapoteza karibu volti 0.27. Kwenye saketi nyingine volti 0.27 si kitu. Hapa mchezo wote ni volti 0.7, kwa hiyo zaidi ya theluthi yake imeondoka, transista zinajifunga, mabonde yanateremka. (Ile mita ya njano ina megaomu 1 tu. Nilipoigusisha, feiza ilinyamaza kabisa. Aliyewahi kupima mageti ya feiza kwa mita ya namna hiyo na kuona volti ya ajabu, alichosoma ni mzigo wa mita yake.)

Basi swali likageuka: usiku ule Kigamboni, nani aliweka megaomu 10 kwenye mstari wa mageti? Nikawasha taa, nikachukua lenzi, nikatazama mahali nilipochomea ule waya wa kwanza. Pale pote palikuwa na utando wa kahawia. Nilipouondoa waya usiku ule, risasi ilikataa kuyeyuka vizuri, nikaongeza fluksi, dawa ya kusaidia risasi iyeyuke na kushika, ya kwenye kikopo, ile laini kama mafuta mgando. Baadaye nikafuta kwa kitambaa kikavu nikaona pamesafika. Fluksi ya aina hiyo inanyonya unyevu. Mchana wa jua ni gundi kavu isiyopitisha umeme. Usiku wa Machi kando ya bahari, hewa ikiwa nzito kiasi cha kulowesha shati, inakuwa njia nyembamba ya umeme kutoka kwenye mageti kwenda kwenye ardhi ya bodi iliyo milimita mbili pembeni.

Nilitaka uthibitisho kabla ya kusafisha, kwa sababu ukisafisha bila kuthibitisha hutajua ulichotibu. Nikainama nikaipulizia bodi pumzi ya mdomo mahali pale pale, pumzi ya joto yenye mvuke, mzee akiwa ameshikilia noti moja. Sauti ikashuka, ikakaa kama sekunde tano, ikaanza kupanda yenyewe mvuke ulipokuwa unakauka. Nikapuliza upande mwingine wa bodi, kwenye osileta. Hakuna kilichobadilika. Nikarudi mahali pale, ikashuka tena.

Nikaosha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na mswaki laini, mara tatu, kila mara nikinyonya maji machafu kwa karatasi kabla hayajakauka, maana ukiacha yakauke unakuwa umeitandaza fluksi. Spiriti ya kawaida ya dukani ina maji ndani yake, sikuitumia. Nikakausha kwa mashine ya kukaushia nywele kwa joto dogo. Nikapuliza pumzi tena: kimya, noti haikutikisika. Kisha nikaenda Kariakoo kutafuta vanishi ya kupulizia bodi, nikaipaka eneo la mageti tu, nikiwa nimeifunika voliyumu ya ndani kwa gundi ya karatasi isiingie.

Mzee alikuwa na pendekezo lake kabla sijaanza kuosha, na lilikuwa na mantiki: kwa nini tusizungushe voliyumu ya ndani juu kidogo, tufidie kilichopotea? Ingefaa usiku huo mmoja. Mchana wake, hewa ikikauka, mageti yangekuwa juu mno na feiza ingekwama upande wa pili. Voliyumu ya ndani inaweka mahali pa kuanzia pa transista. Haiwezi kukimbizana na hali ya hewa. Nimeona feiza zaidi ya moja ambazo watu wamezikoroga bisibisi mpaka voliyumu imelegea, na leo ninashuku baadhi zilikuwa chafu tu.

Kazi ya kurudia sikumtoza. Jumapili alipita kuichukua, akaniomba nitoboe pia tundu la jeki kwenye bati la feiza ili waya wa pedali uweze kuchomolewa anaposafiri. Nilikuwa nimeuchomea moja kwa moja, naye anapanda daladala na pantoni na vitu vyote begani, kwa hiyo ombi lilikuwa la haki. Niliweka jeki ya njia tatu: ncha kwa mguu wa katikati wa voliyumu, pete kwa volti 9 kupitia ile rezista ya kiloomu 18, shina kwa ardhi, na rezista ya 56 nikaiacha ndani ya bati la wawa. Pete niliilinda hivyo makusudi: mtu akichomeka waya wa kawaida wa gitaa kwa bahati mbaya, pete inagusa ardhi, lakini kiloomu 18 zinazuia umeme usizidi nusu miliampea, na adapta haidhuriki.

Wiki mbili baadaye masika yakaanza, na bendi ikarudi Kigamboni usiku wa manyunyu. Saa tano simu ikaita, moyo ukanidunda. Hakusema neno. Aliishikilia simu kuelekea spika, na nikasikia chemko limeshaingia, solo inapanda raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ikafika juu, ikasimama.